Nilimcheka mdogo wangu mbele ya maelfu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu kwa kazi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa na ukurasa mtandaoni ambamo huandika maneno machache ya kejeli kuhusu programu mpya za simu na kampuni changa zinazozizindua. Sikuuanzisha kwa nia mbaya. Nilikuwa nimechoka. Kila wiki kulikuwa na mtu aliyeniambia nijisajili mahali papya, nitunge nywila nyingine, nikubali masharti yenye urefu wa kitabu, kisha baada ya miezi michache mahali penyewe pafungwe au pageuke gulio la matangazo. Nilianza kwa kuwaandikia marafiki, wakacheka, wakasambaza, na leo ukurasa huo una wafuasi zaidi ya elfu tisa, ambao wengi wao hunitumia picha za skrini wakiuliza, "Mwalimu, na hii nayo unaionaje?"

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu ninayemzidi miaka tisa, aliacha kazi ya mshahara mwaka jana ili yeye na mwenzake waunde programu. Ni rahisi kuieleza: ukimwazima mtu kitu, kiwe kitabu, mwavuli au mashine ya kutobolea ukuta, unakipiga picha na kuandika jina la aliyekichukua, naye anapata ujumbe wa kuthibitisha kwamba anacho. Muda mliokubaliana ukiisha, programu yenyewe inamkumbusha, ili wewe usionekane mdai. Aliponieleza kwa mara ya kwanza, kwa simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia. Nilimwambia ni jambo zuri. Shangazi, sikuona kwamba ni jambo zuri. Niliona ni daftari, na mtu mwenye kumbukumbu timamu hahitaji daftari la namna hiyo.

Baadaye alinitumia kiungo cha toleo la majaribio, akaniomba niijaribu na nimwambie ninavyoiona. Sikukifungua. Nilikuwa na hesabu za kufunga mwisho wa mwaka, halafu nikasahau, halafu nikaona haya kwa kuwa nimechelewa, nikaendelea kutokifungua. Siku ya kumi hivi, mfuasi mmoja akanitumia picha ya skrini ya programu ileile. Niliitambua papo hapo kwa rangi yake ya kijani, ambayo mdogo wangu aliwahi kuniuliza kama inachosha macho. Ningeweza kunyamaza. Badala yake niliandika: "Hatimaye kampuni nzima imeundwa ili kuchukua nafasi ya kipande cha karatasi na aibu kidogo." Nikabonyeza kitufe cha kuchapisha, nikaenda kuoga. Niliporudi, watu mia nne walikuwa wameshaipenda.

Ilisambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Watu wakaongeza ya kwao, na mmoja akapiga picha ya karatasi iliyobandikwa mlangoni, akaandika juu yake "toleo la kulipia". Nilicheka, nakiri. Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa mdogo wangu wenye maneno mawili: "Dada, nimeona." Hii ni wiki ya sita. Hapokei simu zangu, na mama ananiambia kwamba anakula vizuri na anafanya kazi zake kama kawaida, ila jina langu likitajwa huinuka akaondoka. Mwenzake aliniandikia mara moja tu, kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi, kwamba watu kadhaa waliokuwa wamejisajili kuwajaribia programu walijitoa wiki ile, na kwamba mmoja wao alipoulizwa sababu alituma chapisho langu bila kuongeza neno.

Nimejitetea kwa kila njia. Nimejiambia kwamba kama ningeipita programu hii kwa sababu tu ni ya mdogo wangu ningekuwa mnafiki, kwani waundaji wa zile nyingine nao wana dada zao. Nimejiambia pia kwamba afadhali ausikie ukweli mapema kabla hajamaliza akiba yake. Usiku huu, ninapokuandikia kwa kompyuta mpakato ambayo ni yake, aliyoniazima miaka miwili iliyopita yangu ilipoharibika, hoja hizo hazinitoshi.

Naomba unisaidie. Je, nilifute chapisho lile? Je, niombe radhi hadharani, kwa kuwa nilimkosea hadharani? Na je, ninakosea ninapoona kwamba nyingi ya programu hizi hazina maana, au ni mimi niliyebaki nyuma? Nakuuliza hili la mwisho kwa sababu, Shangazi, bado naamini kwamba programu yake haitafika mbali.

Dada Mkubwa


Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu yale uliyoyaandika kwa kupita tu ndiyo yaliyonishika kuliko yale uliyoyauliza. Nitajibu maswali yako yote, lakini niruhusu nianze na kiungo ambacho hukukifungua.

Wewe umeliweka shauri hili kama ugomvi kati ya ukweli na udugu: ama ungesema ukweli ukamuumiza mdogo wako, ama ungemlinda mdogo wako ukawa mnafiki. Mimi silioni hivyo. Anayesema ukweli kuhusu kitu huwa amekishika kwanza, na wewe ulikuwa na programu hiyo mkononi kwa siku kumi, ukaja kuihukumu kwa picha moja uliyotumiwa na mtu mwingine. Mhasibu mwenzako akitia saini hesabu ambazo hakuzifungua, hutamwita mkweli. Mnalo jina la mtu wa aina hiyo, na si jina zuri. Unafiki ungekuwapo kama ungeijaribu, ukaikuta na kasoro, kisha ukaisifia kwa wafuasi wako. Kunyamaza kuhusu jambo usilolijua hakujawahi kuwa unafiki.

Kuna pengine tena ulipopita haraka. Alipokueleza wazo lake kwa simu, ulimwambia ni jambo zuri ilhali hukuliona hivyo. Tazama sasa ulivyoyapanga: mlipokuwa wawili, ambapo angeweza kukuuliza kwa nini, akabisha, akafikiri, akarekebisha, ulimpa uongo mtamu; mbele ya watu elfu tisa, ambapo hawezi kuuliza wala kubisha bila kuongeza kicheko, ukampa ukweli mchungu ambao hata hivyo hukuuhakiki. Alihitaji kinyume chake. Nadhani hilo ndilo linalomuuma, zaidi ya kejeli yenyewe, kwa sababu sasa hajui ni lipi kati ya yote uliyowahi kumwambia mkiwa wawili lilikuwa la kweli.

Sentensi yako ni nzuri, sikatai, na nilitabasamu kabla sijakumbuka niko katika kazi gani. Lakini haina hata neno moja ambalo mdogo wako angeweza kulifanyia kazi siku ya pili. Haimwambii ni kitufe gani kimejificha, wala ni ukurasa gani unaomchosha mtu. Iliandikwa kwa ajili ya wafuasi, na yeye alikuwa mtaji wa biashara hiyo. Wazee hutuonya tusimwage mtama penye kuku wengi; wewe, mwanangu, ulimwaga mtama ambao haukuwa wako.

Kejeli dhidi ya kampuni changa ina sifa moja inayolevya, nayo ni kwamba mara nyingi hutokea kuwa kweli. Kampuni nyingi mpya hufa. Anayesema kila asubuhi kwamba leo mvua haitanyesha atapatia siku nyingi za mwaka bila kuinua macho kutazama mawingu, na baada ya muda watu watamwita mtaalamu. Sisemi kwamba kicheko hakina kazi yake. Mwaka 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg walionyesha kwamba mifuko ya matunda iliyouzwa pamoja na mashine ya juisi ya kampuni ya Juicero, ambayo ilikuwa imekusanya takriban dola milioni 120 kutoka kwa wawekezaji, ingeweza kukamuliwa kwa mikono mitupu na juisi ikatoka vilevile. Dunia ilicheka, na ilikuwa na haki ya kucheka. Kabla ya mwaka kwisha kampuni ilisimamisha mauzo. Lakini angalia walichokifanya waandishi wale kabla ya kuchekesha mtu yeyote: waliushika mfuko wakaukamua.

Kuna kisa kingine ambacho waundaji programu hawachoki kusimuliana, na ambacho kwa kawaida husimuliwa nusu. Mwezi wa Aprili mwaka 2007, Drew Houston aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta katika jukwaa la mtandaoni ambalo leo huitwa Hacker News huduma mpya ya kuhifadhi mafaili iliyoitwa Dropbox. Mmoja wao akajibu kwamba mtumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta unaopendwa na mafundi, angeweza kujitengenezea kitu cha namna hiyo kwa zana zilizokwishakuwapo, akaongeza kwamba haioni ikichukua nafasi ya kifaa cha USB wala ikiingiza fedha. Hiyo kimsingi ndiyo hoja yako ya kipande cha karatasi. Dropbox iliingia katika soko la hisa mwaka 2018, na jibu la msomaji yule limekuwa kichekesho cha miaka nenda miaka rudi, mfano wa mtu aliyeshindwa kuona kilicho mbele ya pua yake. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba Houston alimjibu hoja kwa hoja, na yule msomaji akakubali kwamba majibu yana uzito, akamtakia heri. Pingamizi lilitolewa hadharani na hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa sababu aliyeandika alikuwa akizungumza na mwundaji mwenyewe. Ni umati uliokuja baadaye uliochukua mazungumzo yale ukayageuza mzaha, na safari hiyo aliyechekwa akawa mkosoaji. Umati huo ndio huohuo ulio kwenye ukurasa wako, na siku itakapokuwa zamu yako hautakumbuka kwamba uliwahi kuuchekesha.

Ndugu au mpenzi anapoona kasoro katika kazi ya mtu wake afanyeje basi? Mwaka 2010 Kevin Systrom alikuwa mapumzikoni Mexico na mpenzi wake, ambaye baadaye walioana, na walipokuwa wakitembea ufukweni yule dada akamwambia kwamba hadhani angeitumia programu ya picha aliyokuwa akiiunda, kwa kuwa picha zake yeye hazikuwa nzuri kama za rafiki yao mmoja. Systrom akamweleza kwamba yule rafiki huzipitisha picha zake katika programu za kuzibadilisha rangi. Basi na wewe ziweke rangi hizo ndani ya programu yako, akamjibu. Systrom alirudi chumbani akatengeneza kichujio cha kwanza, na Oktoba mwaka huohuo Instagram ikazinduliwa. Alichosikia ufukweni pale kilikuwa hukumu nzito kuliko yako, kwa maana hakuna neno baya kwa mwundaji kama "mimi sitaitumia". Tofauti ni kwamba mwenye kusema alisema juu yake mwenyewe, jinsi anavyojiona akiwa na programu ile mkononi, na alimwambia mwenye kuiunda na si mtu mwingine.

Sikusimulii haya ili uamini kwamba programu ya mdogo wako itakuwa kubwa. Huenda ikafa, na nitalirudia hilo.

Sasa chapisho. Lifute leo. Usilifute kwa matumaini kwamba litatoweka, maana picha zake zimo katika simu za watu ambao hutawajua kamwe. Lifute kwa sababu kila siku unayoliacha ni kama umelichapisha tena. Mahali pake andika sentensi moja isiyo na mapambo, kwamba uliicheka programu ambayo hukuwahi kuifungua na kwamba hukupaswa kufanya hivyo. Wafuasi wachache watanung'unika kwa kuwa umewaharibia starehe, na hilo si lako. Usiende kuwabembeleza wale waliojitoa, kwa sababu hujui ni nani wangeondoka hata bila wewe, na kazi ya kuwarudisha ni ya mdogo wako na mwenzake kama watataka.

Kuhusu kuomba radhi hadharani, nakukataza. Naelewa hoja yako kwamba kosa la hadharani lilipwe hadharani, na mahali pengine ningeikubali. Lakini mtandaoni radhi nayo ni tamasha. Ukitangaza kwamba uliyemcheka ni mdogo wako wa tumbo moja, tangazo hilo litasambaa kuliko lile la kwanza. Watu watakusifu kwa ujasiri, watakuandikia kwamba wamelia, kisha watakwenda kumtafuta yeye ili wamwone alivyo mtu aliyechekwa na dada yake. Atakuwa ametumika mara mbili, na makofi ya mara zote mbili yatakuwa yako. Siku akitaka watu wajue, atasema kwa kinywa chake.

Radhi yako iende kwake peke yake, na iwe fupi. Mwambie kwamba hukuwahi kufungua kiungo alichokutumia. Mwambie kwamba ulijua programu ni yake kabla ya kuandika. Hili litakuwia gumu, kwa kuwa utatamani abaki akidhani hukujua. Lakini alikuuliza kuhusu ile rangi ya kijani, na kwa hiyo anajua kwamba ulijua, na amekuwa akilijua kwa wiki sita. Mwambie kwamba siku ile kwenye simu hukumwambia ulichokiona. Hayo yanatosha. Usiandike "kama nilikuumiza", usitaje akiba yake, na ninakusihi usichomeke ushauri wa biashara katika aya ya mwisho, ingawa najua kidole kitakuwasha. Asipojibu, usimtume mama. Mama ameshageuzwa mpeleka habari kati ya watoto wake kwa wiki sita, na hakuomba kazi hiyo.

Akija kukufungulia mlango, usimpelekee sifa. Sifa zako hazina thamani kwake kwa sasa, naye ana sababu. Mpelekee macho yako. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu, wakitazamwa mmoja mmoja wanapokitumia kitu, wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji wake. Kampuni ya watu wawili haina uwezo wa kulipa jopo la watafiti, lakini watu watano inaweza kuwapata, na wewe unaweza kuwa mmoja wao. Namna yenyewe ni hii: ukae, ushike simu, useme kwa sauti kila kinachokupitia kichwani, na mdogo wako akae kando akiandika, bila kukusaidia hata ukipotea. Ukiombwa namba ya simu kabla hujaona chochote, usiseme "hii mbaya". Sema, "Hapa nimesita, maana sijajua bado nitapata nini na tayari mnataka namba yangu." Ukishindwa kuona pa kubonyeza ili kuongeza kitu ulichoazimisha, kiache kidole chako kielee juu ya kioo, kiende kulia, kirudi kushoto, huku yeye akikitazama. Ni sekunde chache zenye uchungu kwa mwundaji, na hakuna maelezo utakayompa baadaye yatakayomfundisha kama kidole hicho.

Tukija kwenye swali lako la tatu, kubaki nyuma hujabaki. Mtu anayeletewa programu mpya kila wiki ili atoe hukumu hajabaki nyuma. Amekaa karibu mno hadi haoni tofauti kati ya moja na nyingine. Uchovu wako nao una haki. Google ilifunga huduma yake ya kusomea habari, Google Reader, mwezi wa Julai mwaka 2013, watu wakiwa bado wanaitegemea kila asubuhi. Vine, iliyokuwa na video zake za sekunde sita, ilizimwa mwanzoni mwa mwaka 2017, na Google+ ikafuata mwezi wa Aprili mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki, picha na video ambazo watumiaji walikuwa wameziweka huko kwa zaidi ya miaka kumi zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza barua za miaka mitatu kwa njia hiyo, na hadi leo kila barua ninayoipenda huichapa kwenye karatasi, jambo ambalo wapwa zangu hulicheka. Aliyeachwa kwenye mataa mara tatu ana ruhusa ya kusimama mlangoni na kuuliza kabla ya kuingia mara ya nne.

Basi uliza. Hapo ndipo ukurasa wako umepungukiwa, maana katika yote uliyoniandikia sikuona swali hata moja lililoelekezwa kwa mwundaji. Chukua hili moja. Programu ya vitu vilivyoazimwa, kwa asili yake, inahitaji majina na namba za watu ambao hawakujisajili. Aliyechukua mwavuli hakuwahi kukubali kuandikwa mahali popote. Mwezi wa Februari mwaka 2012 iligundulika kwamba programu iliyoitwa Path ilikuwa ikinakili orodha nzima ya majina na namba zilizomo katika simu ya mtumiaji na kuipeleka kwenye mitambo yake bila kumwomba ruhusa, na kampuni ililazimika kuomba radhi na kuzifuta. Je, ya mdogo wako inachukua orodha nzima, au jina moja tu unalolichagua? Aliyeandikwa anaweza kujifuta? Kampuni ikifungwa, mtumiaji ataondokaje na kumbukumbu zake? Kama ungeyaandika maswali haya matatu badala ya ile sentensi yako, hata hadharani, hata kwa mdogo wako, nisingekuwa na la kukulaumu. Huenda yangepata watu ishirini wa kuyapenda badala ya maelfu, na mmoja wao angekuwa yeye.

Usiufunge ukurasa, ila jiwekee mpaka: usiandike kuhusu programu ambayo hujaitumia walau wiki nzima. Utaandika mara chache zaidi, na baadhi ya wafuasi wataondoka.

Halafu ile imani yako kwamba programu haitafika mbali. Baki nayo, kwa kuwa inaweza kuwa sahihi, na siwezi kukutaka uamini usichokiamini. Watu walioiunda Slack, programu ya kuwasiliana kazini, walikuwa kwanza wameunda mchezo wa mtandaoni ulioitwa Glitch, ambao haukupata wachezaji wa kutosha na ukafungwa mwaka 2012. Slack ilikua kutokana na chombo cha kuwasiliana walichokuwa wamejitengenezea wao wenyewe wakati wa kuunda mchezo ule. Aliyetabiri kifo cha Glitch alipatia kabisa, na kupatia kwake hakukumwambia lolote kuhusu kilichofuata. Kama siku itafika mdogo wako akuambie kwamba wamefunga, kuna neno moja ambalo hutalitamka, nalo ni "nilisema". Ulisema, ndiyo. Hukumwambia yeye.

Limebaki jambo moja. Uliandika kwamba mtu mwenye kumbukumbu timamu hahitaji daftari la vitu alivyoazimisha, kisha aya chache baadaye ukaniambia kwamba unaniandikia kwa kompyuta ya mdogo wako, aliyokuazima miaka miwili iliyopita yako ilipoharibika. Sidhani kama amewahi kukudai. Mwaka mmoja baada ya kukuazima alianza kuunda programu ya kuwakumbusha watu kurudisha vitu bila mwenyewe kuonekana mdai, akakutumia wewe kiungo uijaribu. Hamisha mafaili yako, uipanguse, na umpelekee mwenyewe kwa mkono, pamoja na waya wake wa chaji.

Shangazi yako